Mategu ya Samaki wa Ziwa Tanganyika

Tegu la samaki ni mnyoo bapa asiye na mdomo wala utumbo. Hukaa ndani ya matumbo ya samaki, hujishikiza kwa kichwa kidogo ambacho mara nyingi hakionekani vizuri bila lenzi, na hufyonza chakula kwa ngozi ya mwili mzima. Nyuma ya kichwa na shingo hufuata pingili, na kwa kawaida kila pingili ina viungo vyake vya uzazi, vya kiume na vya kike pamoja. Katika Ziwa Tanganyika mategu ya namna hii yameishi na samaki tangu kale na kale, lakini majina yake ya kisayansi ni ya juzi. Ripoti iliyoyapa nafasi yake katika zoolojia ilichapishwa London mwaka 1925, na kazi ya kuyapanga upya ingali inaendelea.

Upande wa Kongo, ziwa linapakana na teritwari ya Fizi, Kivu Kusini. Mji wa Baraka uko kwenye Ghuba ya Burton, na rasi ya Ubwari imejitokeza ziwani na kuikinga ghuba hiyo upande wa mashariki. Nyuma ya mji milima inapanda hadi kwenye nyanda za juu, na huko ndiko ilipo Bibokoboko, nchi ya malisho na mashamba ambayo machafuko ya miaka ya karibuni yamewafukuza wengi wa wakazi wake, baadhi yao wakakimbilia Baraka. Mito ya milima hiyo, Mutambala ukiwa mmojawapo, hushuka ziwani. Samaki hufuata njia ya kinyume: ndakala waliokaushwa, mukeke na sangala hupandishwa kutoka Baraka hadi kwenye masoko ya mlimani.

Kwa wafugaji wa nyanda za juu, tegu linalojulikana ni la ng'ombe, Taenia saginata. Tegu hilo hukomaa ndani ya mtu. Mayai yake hutoka na kinyesi, ng'ombe huyala pamoja na majani, na mtu hulipata anapokula nyama ambayo haijaiva. Mategu ya kambare wa ziwani yana njia nyingine kabisa. Yai huanguka majini na kumezwa na kopepodi, mdudu mdogo wa jamii ya kamba anayeelea kwa wingi usiohesabika katika maji ya ziwa. Ndani ya kopepodi yai huwa kiluwiluwi. Samaki anapomla kopepodi huyo, au anapomla samaki mdogo aliyekwisha kumla, kiluwiluwi hupata utumbo wa kukulia. Kundi hili hukomaa ndani ya samaki, vyura na mijusi au nyoka. Mlaji wa samaki hana sababu ya kuliogopa kama anavyoogopa tegu la ng'ombe, na mpishi anayetoa matumbo na kupika vizuri ameshamalizana nalo.

Wazungu wa kwanza waliochunguza viumbe wa ziwa hili hawakufuata minyoo. Walivutwa na konokono na kiwavimaji. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona kiwavimaji akielea ziwani, mnyama ambaye wakati huo watu walimzoea baharini tu. Mwaka 1893 alipewa jina Limnocnida tanganyicae. Makombe ya konokono wa ziwa nayo yalikuwa mazito, yenye miiba na mapambo, yakafanana na ya bahari kuliko ya mto au bwawa. Mwingereza J. E. S. Moore alisafiri hadi ziwani mwaka 1895 hadi 1896, akarudi tena mwaka 1899 hadi 1900, na mwaka 1903 akachapisha kitabu The Tanganyika Problem. Hoja yake ilikuwa kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya zama za Jurasi, bahari iliyofika hadi katikati ya Afrika, ikakauka na kuwaacha viumbe wake wamefungiwa ndani ya bonde.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri kwa macho na mbaya kwa jiolojia. Leo umri wa ziwa hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, na zama za Jurasi zilikwisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Mwanzoni mwa karne ya 20, hata hivyo, hakukuwa na njia ya kukata shauri ila kukusanya viumbe vyote kwa mpangilio, vikubwa na vidogo. Ndiyo maana safari ya tatu ya Tanganyika ilitumwa kati ya mwaka 1904 na 1905, ikiongozwa na W. A. Cunnington. Yeye alivua samaki, akachuja maji kwa nyavu laini, akakusanya kaa, sifongo, mwani na chochote kilichoingia chupani. Alipofungua matumbo ya samaki alihifadhi pia minyoo aliyoikuta. Thamani yote ya safari ile kwa historia ya mategu imetoka katika uamuzi huo mmoja wa kutoitupa.

Vielelezo viligawanywa kwa wataalamu mbalimbali. Mwaka 1906 George Boulenger wa jumba la makumbusho la London alieleza kambare mkubwa ambaye wavuvi wa ziwa humwita singa, akampa jina Dinotopterus cunningtoni. Mwaka 1909 Mnorwei G. O. Sars alieleza kopepodi wa safari hiyohiyo, akiwemo yule anayeitwa leo Tropodiaptomus simplex, mmoja wa wanyama wanaoelea kwa wingi zaidi katika maji ya wazi ya Tanganyika. Kwa hiyo mwenyeji mkubwa wa mategu na kundi linalobeba viluwiluwi vyake vilipata majina ndani ya miaka mitano ya kwanza. Minyoo yenyewe ilibaki chupani kwa miaka 20.

Mwaka 1920 Cunnington alichapisha hitimisho lake juu ya viumbe wa maziwa ya Afrika. Alikataa nadharia ya bahari: viumbe wa Tanganyika ni wa maji baridi waliobadilika kwa kutengwa kwa muda mrefu mahali pamoja. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, na haujatenguliwa. Lakini mategu yalikuwa bado hayajaulizwa.

Yaliulizwa Neuchâtel, Uswisi. Otto Fuhrmann, profesa aliyeheshimiwa duniani kwa elimu ya mategu ya ndege, aliichukua kazi hiyo pamoja na mwanafunzi wake Jean-Georges Baer, kijana wa miaka ishirini na kitu. Ripoti yao ilitoka katika jarida la Zoological Society of London mwaka 1925. Ndani yake zimo spishi kama Proteocephalus dinotopteri, iliyopewa jina kwa heshima ya samaki aliyeibeba, na Proteocephalus cunningtoni, kwa heshima ya mkusanyaji. Limo pia jenasi jipya kabisa, Monobothrioides, na spishi yake ya kwanza Monobothrioides cunningtoni.

Ili kuelewa walichofanya, inafaa kuangalia kwa karibu namna tegu linavyoelezwa. Kichwa huangaliwa kwanza. Mategu ya Proteocephalus yana vikombe vinne vya kunyonyea vilivyopangwa kuzunguka kichwa, na baadhi yana cha tano kwenye ncha. Hayana ndoano zile kubwa zinazoonekana kwenye tegu la nguruwe. Baada ya kichwa mtaalamu huitafuta pingili iliyokomaa, yaani ile ambayo viungo vya uzazi vimeshakamilika lakini mayai bado hayajaifunika. Hapo huhesabu korodani, ambazo zaweza kuwa makumi au mamia katika pingili moja, hupima mfuko wa uume, hutazama ovari yenye matawi mawili karibu na ukingo wa nyuma, na huangalia kama uke unapita mbele au nyuma ya mfuko wa uume. Vifuko vya kiini cha yai hujipanga kandokando kama kamba mbili. Kisha kipande kingine cha mnyoo hukatwa vipande vyembamba kwa kukingama, ili ionekane kama viungo hivyo viko ndani au nje ya tabaka la misuli ya mwili.

Jambo hilo la mwisho lilipewa uzito mkubwa. George La Rue wa Marekani alikuwa ameipitia upya familia ya Proteocephalidae mwaka 1914, na wataalamu waliomfuata walitenganisha familia na familia ndogo kwa kutazama viungo vipi viko ndani ya misuli na vipi viko nje. Kwa kipimo hicho mategu ya singa yalikaa vizuri katika jenasi la Proteocephalus, ambalo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1858 kwa ajili ya minyoo ya samaki wa Ulaya. Fuhrmann na Baer hawakuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Walikuwa na minyoo iliyolowa spiriti kwa miaka 20, bila nafasi ya kuona mnyoo hai akijinyoosha. Mnyoo anayekufa ndani ya samaki aliyetiwa spiriti hujikunja, ngozi yake huanza kuoza, na vikombe vya kichwa hubonyea. Kutoa maelezo yanayotumika hata leo kutoka katika vielelezo vya namna hiyo ni ushahidi wa ufundi wa hali ya juu.

Monobothrioides ni habari nyingine. Mnyoo huyu hana pingili hata moja. Mwili wake ni kipande kimoja chenye seti moja tu ya viungo vya uzazi, na kichwa hakina vikombe vya kunyonyea. Ni wa oda ya Caryophyllidea, mategu ambayo viluwiluwi vyake havikai ndani ya kopepodi bali ndani ya minyoo ya tope inayoishi chini ya maji. Kwa sababu hiyo hupatikana kwa samaki wanaochokoa tope, zikiwemo jamii za kambare. Afrika ina majenasi machache tu ya oda hii. Wenyonia, la kambare wa Synodontis, lilielezwa na W. N. F. Woodland mwaka 1923 kutoka mto Naili nchini Sudan. Lilipopitiwa upya mwaka 2011, vielelezo vilivyosaidia vilitoka pia Ziwa Turkana, Kenya. Mwaka 1928 H. A. Baylis wa London aliongeza jingine kutoka Tanganyika, Lytocestoides, na spishi yake Lytocestoides tanganyikae. Ziwa moja, basi, lilizaa majenasi mawili ya mategu yasiyo na pingili ndani ya miaka mitatu.

Baada ya hapo Wabelgiji walishika zamu. Msafara wao wa kihaidrobiolojia ulizunguka ziwa mwaka 1946 hadi 1947, Max Poll akishughulikia samaki. Minyoo ilipelekwa kwa Stephen Prudhoe wa London, naye akachapisha ripoti yake mwaka 1951. Mwaka 1947 Ubelgiji ilianzisha IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, iliyojenga makao yake Lwiro karibu na Bukavu na kituo cha ziwa huko Uvira. Kwa mara ya kwanza palikuwa na maabara kwenye mwambao wenyewe, upande uleule ilipo Baraka.

Katika Kivu, kisa kimoja cha miaka hiyo kinaonyesha ugumu wa kazi hii kuliko kingine chochote. Mwaka 1958 Baer, ambaye sasa alikuwa profesa mwenye jina na mwaka huohuo akawa rais wa shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, alishirikiana na Mbelgiji Alex Fain, daktari na mtaalamu wa vimelea aliyefanya kazi miaka mingi Kongo na Rwanda. Walieleza tegu jipya kutoka kwa samaki wa jamii ya Barbus wa Ziwa Kivu, wakaliita Bothriocephalus kivuensis. Tegu hili halina vikombe vinne. Kichwa chake kina mifereji miwili mirefu inayoubana utumbo wa samaki. Jina lilikuwa zuri, na Kivu ikaingia katika orodha ya mategu ya dunia. Lakini wataalamu waliokuja baadaye, wakilinganisha vielelezo kutoka nchi nyingi, waliona kwamba mnyoo wa Kivu ni yuleyule aliyekwisha kuelezwa Japani na Satyu Yamaguti mwaka 1934 kwa jina Bothriocephalus acheilognathi. Sheria ya majina ya wanyama humpa haki aliyetangulia, hivyo jina la Kivu likawa jina mfu, la kutajwa chini ya jina la Japani. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba uliihamisha spishi nzima kwenye jenasi jingine, na leo huitwa Schyzocotyle acheilognathi. Ni tegu lililosambazwa duniani pamoja na samaki wa kufugwa aina ya kapi, na huweza kuua vifaranga wa samaki mabwawani. Baer na Fain hawakukosea katika kuchora wala kupima. Walikosa tu kuona vielelezo vya upande wa pili wa dunia, na hakuna mtu wa mwaka 1958 aliyeweza kuviona vyote.

Uhuru ulipokuja, IRSAC ilipita mikononi mwa serikali ya Kongo, na kituo cha Uvira hatimaye kikawa Centre de Recherche en Hydrobiologie, CRH-Uvira. Kilipita vipindi vya vita na ukosefu wa mishahara. Watafiti wake waliendelea kupima ndakala, lumbu na mukeke, kwa sababu samaki hao ndio chakula cha mwambao wote. Kuendelea huko, bila vyombo vya kutosha na mara nyingi bila usalama, ni mojawapo ya mambo ya kuheshimiwa sana katika sayansi ya Kongo.

Heshima hiyo ilifika kwa njia ambayo wataalamu wa uainishaji huitumia, yaani majina. Mwaka 2012 Fidel Muterezi Bukinga wa CRH-Uvira, pamoja na Maarten Vanhove, Maarten Van Steenberge na Antoine Pariselle, walichapisha maelezo ya minyoo midogo ya matamvua ya samaki, jenasi la Cichlidogyrus. Kutoka kwa kuhe, Boulengerochromis microlepis, samaki mkubwa kuliko wote wa jamii ya sikilidi duniani, walieleza Cichlidogyrus nshomboi kwa heshima ya Nshombo Muderhwa. Kutoka kwa Tylochromis polylepis walieleza Cichlidogyrus mulimbwai na Cichlidogyrus muzumanii, kwa heshima ya Mulimbwa N'sibula na Muzumani Risasi. Wote watatu ni watafiti wa Uvira. Zaidi ya karne moja baada ya jina la Cunnington kubandikwa kwa samaki, majina ya watu wa mwambao wenyewe yaliingia katika orodha hiyo. Minyoo hii ya matamvua si mategu. Ni binamu zake katika kundi la minyoo bapa, na haihitaji kopepodi wala mwenyeji wa kati yeyote, bali hupita moja kwa moja kutoka samaki hadi samaki. Ila mkono unaojifunza kumfungua mnyoo wa matamvua chini ya hadubini ni mkono uleule unaoweza kulieleza tegu.

Kutoka katika kundi hilo la minyoo ya matamvua ndiko swali la Moore lilikorudi kwa sura nyingine. Ndakala na lumbu ni dagaa wa ukoo wa samaki wa baharini. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mababu zao waliingia Afrika kutoka bahari ya magharibi makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, wakapita katika mito kabla ya kufika Tanganyika. Hawakufungiwa ndani na bahari iliyokauka. Walisafiri. Mwaka 2018 minyoo ya matamvua ya dagaa hao wawili iliwekwa katika jenasi lake yenyewe, Kapentagyrus, jina lililotokana na kapenta, kama dagaa hao wanavyoitwa Zambia. Mwaka 2020 minyoo mingine mipya, safari hii ya kundi jingine la minyoo bapa, flukesi, ilielezwa kutoka kwa samaki wa jenasi Lates, ambalo ndilo la mukeke na sangala. Jenasi moja jipya liliitwa Tanganyikatrema.

Mategu ya kambare yalileta jibu la kushangaza zaidi. Kati ya mwaka 2008 na 2017 wataalamu wa nchi nyingi waliungana katika mradi mkubwa wa kuhesabu mategu ya wanyama wote wenye uti wa mgongo duniani, Janine Caira na Kirsten Jensen wa Marekani wakiwa mstari wa mbele. Papa na taa wa bahari zote walifunguliwa matumbo, kwa kuwa samaki hao wenye mifupa ya gegedu hubeba mategu mengi na ya ajabu kuliko samaki wengine wowote. Kitabu cha mwisho cha mradi huo, kilichotoka mwaka 2017, kinataja spishi zaidi ya 4,800 katika oda 19. Kwa muda mrefu mategu yale ya papa na taa yenye vichwa vya majani manne yalikuwa yamerundikwa katika oda moja, Tetraphyllidea, na mategu ya kambare yenye vikombe vinne yalikuwa na oda yake, Proteocephalidea. Vinasaba vilivunja mpangilio huo. Mwaka 2014 Caira na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya mategu ya taa na papa, yenye ndoano kwenye kila jani la kichwa, jenasi la Acanthobothrium likiwa kubwa kuliko yote, ni ndugu wa karibu wa mategu ya kambare wa maji baridi. Sehemu hiyo na oda ya Proteocephalidea zikaunganishwa kuwa oda moja, Onchoproteocephalidea.

Kwa uainishaji huo, tegu lililo ndani ya singa wa Ghuba ya Burton na tegu lililo ndani ya taa anayevuliwa pwani ya Bahari ya Hindi yamo katika oda moja. Hili halimrudishii Moore hoja yake. Mategu ya ukoo wa Proteocephalus yapo katika samaki wa Amazoni, wa Danube na wa mito ya Asia, katika vyura na nyoka wa mabara mengi, na undugu wake na ya baharini ni mkongwe sana kupita ziwa lolote. Linachosema ni kwamba kati ya bahari na maji baridi njia ya mategu imewahi kuwa wazi, na kwamba kambare hawakuwa wa kwanza kuyabeba.

Vinasaba vilitikisa pia kazi ya mwaka 1925. Kipimo cha viungo kuwa ndani au nje ya misuli, kilichotumika kwa karne nzima, kilionekana hakifuati ukoo. Mnyoo mmoja anaweza kufanana na mwingine kwa misuli bila kuwa ndugu yake. Na jenasi la Proteocephalus lenyewe, kwa maana yake halisi, linahusu mategu ya samaki wa maji baridi wa kaskazini mwa dunia. Spishi za Afrika zinazobeba jina hilo zimekaa humo kwa muda, zikisubiri kuhamishwa. Baadhi ya mategu ya kambare wa Afrika yameshapata makao mapya: mwaka 2009 Alain de Chambrier wa Geneva na wenzake walieleza jenasi jipya Barsonella, na spishi yake Barsonella lafoni, kutoka kwa Clarias gariepinus, kambare ambaye kila soko la Afrika Mashariki na Kongo linamjua. Mwaka 2018 mwongozo mkubwa wa vimelea vya samaki wa maji baridi wa Afrika, uliohaririwa na Tomáš Scholz wa Ucheki, Vanhove na wenzao, uliwekea watafiti wa bara hili funguo za kutambua makundi yote, mategu yakiwemo.

Tofauti kubwa kati ya mwaka 1905 na leo iko katika dakika za kwanza baada ya samaki kufunguliwa. Samaki lazima awe amekufa muda huohuo. Utumbo hupasuliwa ndani ya maji ya chumvi kidogo, na tegu huachiliwa taratibu bila kuvutwa, kwa kuwa likivutwa kichwa hubaki kwenye ukuta wa utumbo, na tegu lisilo na kichwa karibu halina thamani. Kipande kidogo hukatwa na kutiwa katika spiriti ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba. Sehemu iliyobaki, yenye kichwa, humwagiwa fomalini ya moto. Hufa papo hapo ikiwa imenyooka, na viungo vyote vya ndani hubaki mahali pake. Baadaye hutiwa rangi nyekundu ya kamaini, hukaushwa maji kwa spiriti, na hufanywa ionekane kama kioo kwa mafuta ya karafuu, ya zao lilelile la Pemba na Unguja. Hapo ndipo korodani zinapohesabika. Kielelezo kimoja huteuliwa kuwa cha jina, yaani kile ambacho jina la spishi litakifuata daima, nacho hupewa namba na kuwekwa katika jumba la makumbusho. Vielelezo vya jina vya mategu ya Tanganyika vilipelekwa Ulaya tangu mwanzo. Hilo liliyahifadhi, na pia lilimnyima mwanafunzi wa Fizi nafasi ya kuyaona.

Mambo yanayokosekana yanajulikana vizuri. Mategu yaliyoelezwa kutoka chupa za zamani yanahitaji kukusanywa upya yakiwa mabichi, pamoja na kipande cha vinasaba, jina la samaki, mahali na tarehe. Singa, kambare wa tope, kambare wa umeme na Synodontis wa Ghuba ya Burton wote hupakuliwa ufukweni, na matumbo yao hutupwa kila asubuhi. Chupa ya spiriti, wembe, kalamu ya risasi na kipande cha karatasi ngumu vinatosha kuanzia, na wenye ujuzi wa kuendeleza wako Uvira, kwenye mwambao huohuo. Mwalimu wa biolojia wa Baraka, wa Fizi au wa Bibokoboko anayetaka wanafunzi wake waifanye sayansi wenyewe, aanze na singa.